Metali Nzito Katika Udongo wa Mashamba

Katika mkoa wa Toyama nchini Japani, karibu na pwani ya Bahari ya Japani, limo bonde linalonyweshwa na mto Jinzu. Wakulima wa bonde hilo wamelima mpunga kwa karne nyingi, wakiyachepusha maji ya mto kwa mifereji hadi kwenye majaruba yao. Tangu miaka ya 1910 ulianza kuonekana humo ugonjwa ambao haukujulikana kwingineko. Waliopatwa zaidi walikuwa wanawake wa makamo na wazee, hasa wale waliozaa watoto wengi. Kwanza waliumwa kiuno na mapaja. Kisha mwendo wao ukawa wa kuyumbayumba. Hatimaye mifupa ililainika hata ikaweza kuvunjika kwa kukohoa tu. Wagonjwa walilia "itai, itai", yaani "yauma, yauma", na kilio hicho ndicho kilichoupa ugonjwa huo jina lake.

Chanzo cha maradhi hayo hakikuwa kijidudu wala laana. Kilikuwa ni metali iitwayo kadimi, iliyochukuliwa na maji ya mto kutoka mgodini, ikatua katika udongo wa mashamba, ikapanda katika mpunga, na mwishowe ikaingia katika miili ya walaji. Habari za bonde la Jinzu zimechunguzwa kwa makini kuliko za mahali pengi duniani, na kwa hiyo zafaa sana kueleza jinsi metali nzito zinavyoharibu udongo, na kwa nini uharibifu huo ni mwepesi kuutenda na mgumu kuuondoa.

METALI NZITO NI ZIPI?

Kwa kawaida huitwa metali nzito zile ambazo sentimeta moja ya ujazo ina uzito unaozidi gramu 5. Zinki ina gramu 7.1, kadimi 8.65, shaba 8.96, risasi 11.3 na zebaki 13.5. Aseniki, ingawa si metali halisi, huwekwa katika kundi hili kwa sababu madhara yake yanafanana na ya wenzake.

Si metali zote nzito zilizo adui wa uhai. Shaba na zinki zahitajiwa na mimea, wanyama na binadamu kwa kiasi kidogo. Upungufu wake hudhuru kama ziada yake inavyodhuru. Lakini kadimi, risasi na zebaki hazina kazi yoyote ijulikanayo katika mwili wa mtu. Zikiingia, huingia kama wageni wasioalikwa, na mara nyingi hukalia kiti cha mwenyeji.

Sababu ya jambo hilo huonekana katika jedwali la elementi. Kadimi imewekwa chini ya zinki katika safu moja. Ioni za metali hizi mbili zina chaji sawa, nazo hufanana katika tabia nyingi. Ndiyo maana kadimi haipatikani peke yake ardhini bali hufuatana na zinki ndani ya mbale, yaani mawe yenye madini. Mjerumani Friedrich Stromeyer aliigundua mwaka 1817 alipokuwa akichunguza kampaundi ya zinki iliyokuwa na uchafu ndani yake. Ndiyo maana pia mizizi ya mmea, inapotafuta madini unayoyahitaji, huweza kuipokea kadimi bila kuitambua.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya metali na sumu nyingine nyingi za shambani. Dawa nyingi za kuulia wadudu ni molekuli zilizoundwa kwa kaboni. Jua, maji na bakteria huzivunjavunja, hata kama ni polepole. Metali ni elementi. Hakuna bakteria awezaye kuila ikaisha, wala jua haliwezi kuivunja. Atomi ya kadimi iliyoangukia jarubani mwaka 1920 ingali atomi ya kadimi hata leo. Yaweza kuhama, kuyeyuka, kuganda au kuzikwa, lakini haiozi.

KUTOKA MGODINI HADI JIKONI

Juu milimani, katika mkoa jirani wa Gifu, ulikuwapo mgodi wa Kamioka, uliotoa zinki na risasi kwa wingi katika karne ya 20. Mbale ilisagwa ikawa unga laini ili madini yatengwe na mawe. Zinki ilipokwisha kutolewa, mabaki yenye kadimi yaliachwa yakaingia katika mto Takahara, ambao humwaga maji yake katika Jinzu. Chembe hizo laini zilisafiri na maji makumi ya kilometa hadi uwandani. Huko wakulima walifungua mifereji yao kama walivyofundishwa na wazee wao, na maji yalipotulia jarubani, chembe zilizama. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba sehemu ya jaruba iliyo karibu na mlango wa maji ndiyo iliyokuwa na kadimi nyingi zaidi.

Kwa miaka mingi waganga waliudhania ugonjwa huo kuwa ni matokeo ya lishe duni, kazi nzito na upungufu wa vitamini D. Daktari Noboru Hagino, mwenyeji wa bonde hilo, alirejea kutoka vitani mwaka 1946 akawakuta wagonjwa wengi katika hospitali ya familia yake. Yeye na wenzake walipoweka alama kwenye ramani penye nyumba za wagonjwa, alama hizo zilijaa katika eneo lililonyweshwa na maji ya Jinzu. Vijiji vya jirani vilivyotumia maji ya mito mingine havikuwa na ugonjwa huo. Lishe na kazi zilikuwa zile zile. Kilichotofautiana ni maji. Sampuli za maji, mchele na viungo vya wagonjwa zilipopimwa, kadimi ilionekana. Mwaka 1961 Hagino na mwanasayansi wa kilimo Kin'ichi Yoshioka walitangaza kwamba kadimi kutoka mgodini ndiyo iliyousababisha ugonjwa huo.

Tangazo hilo lilipingwa sana. Ilipofika mwaka 1968 ndipo serikali ya Japani ilipokubali rasmi kwamba ugonjwa wa itai-itai umetokana na uchafuzi wa mazingira. Mwaka huo huo wakazi waliishtaki kampuni ya Mitsui Mining and Smelting, mwenye mgodi. Mahakama ya Wilaya ya Toyama iliwapa ushindi mwezi Juni 1971, na rufani ya kampuni ikatupwa mwezi Agosti 1972. Watu wapatao 200 wametambuliwa rasmi kuwa waliugua maradhi hayo.

UDONGO HUISHIKAJE METALI?

Mtu aweza kuuliza: ikiwa mvua hunyesha kila mwaka, mbona kadimi haikuoshwa ikaenda zake baharini? Jibu limo katika umbile la udongo wenyewe.

Chembe za mfinyanzi, pamoja na mboji, zina chaji hasi juu ya nyuso zake. Ioni za metali zina chaji chanya. Kwa hiyo chembe hizo huzivuta na kuzishika ioni za metali, kama zinavyozishika ioni za kalsiamu, magnesiamu na potasiamu ambazo ni chakula cha mimea. Uwezo huu ndio unaoufanya udongo uwe ghala la rutuba. Lakini ghala halichagui mali: mlango ule ule unaopokea rutuba hupokea na sumu. Ndiyo maana metali nyingi hubaki katika tabaka la juu, sentimeta 20 hivi, ambapo ndipo mizizi ya mazao mengi inapoenea.

Metali iliyoshikwa imara haina madhara makubwa kwa mmea, kwa kuwa mzizi hunywa kile tu kilichoyeyuka katika maji ya udongo. Hatari huja pale masharti ya udongo yanapobadilika. Udongo ukiwa na asidi nyingi, ioni za haidrojeni huwa tele. Hushindana na ioni za metali kwa ajili ya nafasi juu ya chembe, na kuzisukuma zirudi majini. Udongo wa mchanga, wenye mfinyanzi na mboji kidogo, huachia upesi zaidi. Kwa hiyo mashamba mawili yenye kiasi sawa cha kadimi yanaweza kutoa mazao yasiyolingana kabisa kwa usalama: moja likatoa chakula kisicho na madhara, na la pili likatoa chakula kisichofaa kuliwa.

MAJI YA JARUBA NA ZAMU YA OKSIJENI

Mpunga una jambo la pekee, kwa kuwa shamba lake hujazwa maji kwa sehemu kubwa ya msimu. Maji yakitanda juu ya udongo, hewa haipenyi. Bakteria humaliza oksijeni iliyokuwamo, kisha huanza kutumia salfeti badala yake na kuigeuza kuwa salfaidi. Kadimi ikikutana na salfaidi huungana nayo ikawa salfaidi ya kadimi, kampaundi isiyoyeyuka kwa urahisi. Maadamu jaruba limejaa maji, sehemu kubwa ya kadimi imefungwa.

Lakini mkulima huyatoa maji kabla ya mavuno ili udongo ukauke na mpunga ukomae. Hewa huingia, salfaidi huungana na oksijeni ikawa salfeti tena, na kadimi huachiliwa majini wakati ule ule punje zinapojaa. Hivyo metali iliyokaa kimya msimu mzima huingia katika mchele kwa majuma machache ya mwisho. Wakulima wa Japani wenye mashamba ya mashaka hushauriwa kuyaweka maji jarubani kwa majuma matatu kabla na matatu baada ya mpunga kutoa masuke.

Dawa hii nayo ina upande wa pili. Aseniki hufanya kinyume cha kadimi: katika udongo uliojaa maji huachiliwa, na katika udongo mkavu hushikwa. Penye metali zote mbili, kuzuia moja ni kuifungulia nyingine. Kwa sababu hiyo hakuna kanuni moja iyafaayo mashamba yote. Hakuna budi udongo upimwe kwanza.

KADIMI MWILINI

Kadimi ikiliwa, sehemu ndogo tu hupita kwenye kuta za utumbo na kuingia katika damu. Watu wenye upungufu wa madini ya chuma hunyonya zaidi, na hii ni sababu mojawapo ya wanawake kudhurika kuliko wanaume. Ikishaingia, mwili hauna njia ya haraka ya kuitoa. Hukaa hasa katika ini na figo, na huchukua miaka 10 hadi 30 nusu ya kiasi kilichomo kutoka. Mtu alaye kidogo kila siku hujiwekea akiba asiyoitaka.

Akiba hiyo inapozidi, mirija midogo ya figo huharibika. Mirija hiyo ndiyo inayorudisha katika damu vitu vyenye manufaa vilivyochujwa. Ikishindwa kazi, protini, kalsiamu na fosfeti hupotea katika mkojo, na figo hushindwa kuikamilisha vitamini D ili ifanye kazi yake. Mifupa isiyopata kalsiamu na fosfeti hulainika. Basi maumivu ya mfupa katika bonde la Jinzu yalianzia kwenye figo, na figo ziliharibiwa na wali wa kila siku, ambao kwa macho na kwa ulimi haukuwa na kasoro yoyote.

KUUREJESHA UDONGO

Mwaka 1970 Japani ilitunga sheria ya kuzuia uchafuzi wa udongo wa mashamba. Mchele wenye miligramu 1 ya kadimi au zaidi katika kilo moja ulikatazwa. Mwaka 2011 kiwango hicho kilishushwa hadi miligramu 0.4. Kazi ya kuyarejesha mashamba ya bonde la Jinzu ilianza mwaka 1979. Kwa kuwa kadimi haiozi, njia iliyochaguliwa ilikuwa ni kuizika: udongo mchafu ulifukiwa chini, juu yake likashindiliwa tabaka gumu ambalo mizizi haipenyi, kisha ukaletwa udongo safi kutoka kwingine. Kazi hiyo ilikwisha mwaka 2012. Miaka 33 ilitumika kurejesha hekta zipatazo 860, kwa gharama ya mabilioni ya yeni.

Zipo njia nyingine zisizo na gharama kubwa kiasi hicho. Chokaa hupunguza asidi na kuifanya metali ishikwe zaidi. Samadi na mboji huongeza nafasi za kuishika. Mimea fulani yenye kunyonya metali nyingi yaweza kupandwa, ikakatwa na kuondolewa. Lakini chokaa na samadi haziondoi metali bali huifunga tu, na mimea inayoinyonya huhitaji miaka mingi. Ikumbukwe kwamba shamba lililotiwa chokaa likiachwa bila kuangaliwa, asidi hurudi na kifungo hulegea.

MASHAMBA YA AFRIKA MASHARIKI

Njia za metali kuingia shambani katika Afrika ya Mashariki si zile zile za Jinzu, lakini kanuni za kemia ni zile zile.

Ya kwanza ni dawa za shaba. Kwa miongo mingi mibuni ya Kilimanjaro na ya nyanda za juu za Kenya imepigwa dawa zenye shaba ili kuzuia chulebuni na kutu ya majani. Dawa hiyo hudondoka pamoja na mvua na majani makavu, na shaba hubaki katika udongo wa juu. Mbuni wenyewe, wenye mizizi mirefu, waweza kuvumilia. Swali hutokea pale mbuni unapong'olewa na kupandwa maharage au mboga zenye mizizi mifupi.

Ya pili ni maji machafu. Katika mabonde ya miji mikubwa, kama bonde la Msimbazi mjini Dar es Salaam, mboga za majani hulimwa kando ya mito inayopokea maji ya viwanda na ya majumbani. Mboga za majani, kama mchicha, ni wepesi wa kukusanya kadimi katika sehemu ile ile inayoliwa.

Ya tatu ni uchimbaji mdogo wa dhahabu, ambao hutumia zebaki, na uyeyushaji wa betri chakavu za magari, ambao hutawanya vumbi la risasi. Vumbi hilo halisubiri kupitia kwenye mmea: watoto huligusa na kulimeza wanapocheza.

Ya nne ni mbolea za fosfeti, kwa kuwa miamba ya fosfeti huwa na kadimi kwa viwango vinavyohitilafiana. Hapa yafaa kutumia hesabu kuliko hofu. Ichukuliwe, kwa mfano tu, mbolea yenye miligramu 20 za kadimi katika kila kilo, ikitiwa kilo 100 kwa hekta kila mwaka. Shamba litapokea miligramu 2,000 kwa mwaka. Udongo wa juu wa hekta moja, kina cha sentimeta 20, una uzito wa kilo milioni 2.5 hivi. Nyongeza basi ni miligramu 0.0008 kwa kilo ya udongo kila mwaka, au 0.08 kwa karne, ikiwa hakuna inayotoka. Kiasi hicho si cha kumfanya mkulima aitupe mbolea anayoihitaji. Lakini mbolea ikiwa na kadimi mara tano zaidi, karne moja italeta nyongeza ya miligramu 0.4, ambayo hulingana na kadimi yote ya asili katika mashamba mengi. Kwa hiyo kipimo cha mbolea, kabla haijafika shambani, ni jambo la busara.

JARIBIO LA DARASANI

Tabia ya udongo kushika na kuachia metali yaweza kuonyeshwa kwa mrututu, yaani salfeti ya shaba.

1. Robo gramu ya mrututu iyeyushwe katika mililita 100 za maji. Matone machache ya myeyusho huu yatiwe amonia kwa wingi. Rangi ya buluu iliyokolea huthibitisha kuwapo kwa shaba.

2. Gramu 50 za udongo mkavu wa mfinyanzi ziwekwe katika faneli yenye karatasi ya kuchujia. Mililita 50 za myeyusho zimiminwe polepole juu yake. Maji yatakayochuruzika yapimwe kwa amonia. Kwa kawaida rangi ya buluu hupungua sana au haionekani kabisa.

3. Jaribio lirudiwe kwa mchanga wa mtoni uliooshwa. Wanafunzi walinganishe.

4. Sasa mililita 50 za asidi haidrokloriki iliyozimuliwa zimiminwe juu ya udongo ule wa kwanza. Maji yanayotoka yatiwe amonia kidogo kidogo, hadi izidi asidi. Kazi hii aifanye mwalimu, penye hewa ya kutosha. Mashapo ya kahawia yakitokea, hayo ni ya chuma cha udongo, yachujwe. Maji yaliyobaki yatakuwa buluu: shaba iliyodhaniwa kuwa imetoweka ilikuwa imehifadhiwa tu.

Mwishoni mwa jaribio litazuka swali ambalo mwalimu asilipite upesi: udongo ule wenye shaba utupwe wapi? Ukimwagwa katika bustani ya shule, bustani itaipokea shaba. Ukimwagwa mferejini, utaipokea bustani ya mtu mwingine. Heri ukusanywe katika chombo kimoja chenye kifuniko na kuandikwa jina, utumike tena mwaka ufuatao. Wanafunzi watakuwa wamekutana, kwa gramu 50 tu, na tatizo lile lile lililowachukua wakazi wa Jinzu miaka 33.

Wakazi hao walipata jambo moja zaidi ya fidia. Kwa mapatano ya mwaka 1972 walipewa haki ya kuingia katika eneo la mgodi na kulikagua, pamoja na wataalamu wao, kwa gharama ya kampuni. Ukaguzi huo wa kila mwaka umeendelea hata baada ya uchimbaji wenyewe kukoma mwaka 2001, na kadimi katika maji ya Jinzu imeshuka hadi kukaribia kiwango cha asili. Wazee wa Kiswahili husema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika udongo, ufa ni ule mlango wa maji wa jaruba. Na ukuta, pale unapokuja kuhitajiwa, hujengwa chini ya ardhi, hekta baada ya hekta, na kizazi ambacho hakikuutoboa.